Vekta ni dhamana: namna ya kudaka vekta za mfumo kwenye kompyuta za zamani bila kuwaharibia wengine

Ndugu zangu waandishi wa programu, na ninyi mnaozishika mashine hizi kwa mara ya kwanza, nawashukuru kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie vekta za mfumo. Nitaanza na lile ninaloliamini kuliko yote nitakayoyasema leo, ili hata atakayelazimika kutoka mapema aondoke nalo. Unapodaka vekta, ukimaliza kazi yako ipeleke kazi kule ulikoikuta vekta ikielekea. Usiipeleke kule ambako kitabu kinasema inapaswa kuelekea. Kwenye msimbo tofauti yake ni baiti chache tu, lakini ndiyo inayoamua kama programu yako inaweza kuishi na nyingine ndani ya mashine moja.

Kwa wageni wa somo hili nieleze kifupi. BBC Micro ya mwaka 1981, Commodore 64 ya 1982, MSX za 1983 na jamaa zao zilikuwa na mfumo endeshi uliochomwa kwenye chipu za ROM, na kilichochomwa hakibadiliki. Hata hivyo waliozibuni walijua watu watataka kuongeza mambo: kiendeshi cha diski, printa, saa juu ya skrini, muziki unaopigwa huku mtu akiandika. Kwa hiyo ROM inapofika kwenye kazi fulani muhimu, huruka kupitia anwani iliyoandikwa kwenye RAM, yaani kumbukumbu inayoweza kuandikwa upya. Kwa kawaida anwani hiyo huirudisha ROM papo hapo kwenye njia yake. Ukiibadilisha, kazi inakuja kwako kwanza. Vekta ni anwani hiyo, na kuidaka ni kuweka yako mahali pake.

Tuichukue Commodore 64, kwa sababu wengi wenu mnayo. Takriban mara 60 kwa sekunde, kipima muda kilicho ndani ya chipu ya kwanza ya CIA humkatiza prosesa, yaani humsimamisha kidogo ili ashughulikie jambo jingine. Prosesa husoma anwani iliyopo $FFFE (alama ya $ huonyesha namba ya msingi wa kumi na sita) na kuingia ROM mahali $FF48. Hapo ROM huziweka rejista A, X na Y, vihifadhi vidogo vilivyo ndani ya prosesa, kwenye steki, eneo la kumbukumbu la kuwekea vitu kwa muda, hukagua kama hili ni katizo la kweli au ni amri ya BRK, katizo linaloletwa na programu yenyewe, kisha huruka kupitia $0314 na $0315. Mashine ikiwa imewashwa sasa hivi, humo mna $EA31. Kuanzia hapo ROM huisogeza saa yake ya baiti tatu, humulika kishale, husoma kibodi, hulikiri katizo, yaani huonyesha limeshapokelewa, kwa kusoma $DC0D, huzirudisha rejista na kumwachia prosesa aendelee na alichokuwa akifanya.

Mifano mingi iliyochapishwa enzi zile humfundisha mtu kuandika anwani yake kwenye $0314, kufanya kazi yake, kisha kumaliza kwa JMP $EA31, yaani kuruka hadi hapo. Programu ikiwa peke yake, mambo huenda vizuri kabisa, na ndiyo maana desturi hiyo imedumu. Sasa chukulia mtumiaji ameshapakia kichezeshi cha muziki kilichodaka vekta hiyo hiyo. Anapakia programu yako ya saa. Saa inaonekana kwenye skrini, muziki unanyamaza. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna kilichokwama. Atakilaumu kichezeshi cha muziki, ambacho hakina hatia yoyote. Wewe ndiye uliyekata mnyororo kwa kuruka moja kwa moja hadi ROM na kumpita aliyekutangulia.

Namna iliyo salama ni hii:

    php
    sei
    lda $0314
    sta awali
    lda $0315
    sta awali+1
    lda #<yangu
    sta $0314
    lda #>yangu
    sta $0315
    plp
    rts

Na rutini yenyewe, baada ya kufanya kazi yake, humalizika kwa JMP (awali). Awali ikiwa ni ROM, utafika ROM. Ikiwa ni kichezeshi cha muziki, utafika huko, nacho kitakupeleka mbele.

Angalieni vizuri msimbo huo, maana una mambo ambayo watu huyaruka. SEI, amri ya kufunga makatizo, ipo kwa sababu prosesa huyu huandika baiti moja moja. Tuseme vekta ina $EA31 nawe unataka iwe $C000. Umeshaandika baiti ya chini, bado ya juu, na katizo likaingia hapo katikati. Prosesa atasoma $EA00, anwani ambayo si ya ROM kwa kazi hiyo wala si yako, na ataanza kutekeleza chochote atakachokikuta hapo. Uwezekano ni mdogo kila unapoendesha programu, na hilo ndilo linaloifanya hitilafu hii iwe ngumu kuikamata: itapita majaribio yako yote halafu imtokee mtu mwingine. PHP na PLP, zinazohifadhi na kurudisha bendera za prosesa, zipo ili hali ya makatizo irudi kama ilivyokuwa. Ukiandika SEI mwanzoni na CLI, inayoyafungua makatizo, mwishoni, na aliyekuita alikuwa ameyafunga makatizo kwa sababu zake, umemfungulia mlango bila ruhusa.

Tena, usiiweke ile awali mahali ambapo baiti yake ya chini inaangukia mwisho wa ukurasa (kipande cha kumbukumbu cha baiti 256), yaani anwani inayoishia na $FF. Prosesa wa 6502 wa kizazi cha kwanza, pamoja na 6510 wa Commodore 64, ana kasoro hapo: anaposoma JMP kupitia anwani kama hiyo, huchukua baiti ya juu mwanzoni mwa ukurasa ule ule badala ya ukurasa unaofuata. Vilevile katizo haliifuti bendera ya desimali kwa prosesa hao. Kama rutini yako inajumlisha au kutoa, ianze na CLD, inayoifuta bendera hiyo.

Kabla ya kuandika chochote, kagua kama tayari umo. Mtu ataandika SYS 49152, amri ya BASIC ya kuendesha programu iliyopo $C000, mara mbili. Hilo litatokea tu. Mara ya pili utaisoma vekta, utaikuta anwani yako mwenyewe, na utaihifadhi kama awali. Katizo litakalofuata litaingia kwako, limalize kwa kuruka kwako, na halitatoka tena. Ulinganisho wa baiti mbili unatosha kuzuia hilo. Na mtumiaji akibonyeza RUN/STOP pamoja na RESTORE, ROM itazirudisha vekta za $0314 hadi $0333 zilivyokuwa mwanzo bila kukuarifu. Kwa hiyo usiitegemee bendera yako ya ndani inayosema "nimeshajiweka". Isome vekta yenyewe.

Jambo la kutia moyo ni kwamba ROM ya Commodore nayo huifuata adabu hii. Inaposoma au kuandika kanda huihitaji $0314 kwa ajili ya rutini zake za kanda. Huichukua anwani iliyomo, ikaihifadhi $029F na $02A0, na ikimaliza huirudisha ile ile iliyoikuta, hata kama ni yako. Hairudishi $EA31 kwa kukisia. Kama mwenye mashine hakisii, sisi wapangaji tuna sababu gani ya kukisia?

Sasa tuingie kwenye hali unayoikuta unapoitwa. Kila vekta ina masharti yake, na masharti hayo hayaandikwi kwenye vekta yenyewe. Kupitia $0314 rejista zote tatu zimeshawekwa kwenye steki, hivyo unaweza kuzitumia upendavyo. Kupitia $0318, vekta ya katizo lisilozuilika (lile ambalo SEI haiwezi kulifunga), hali ni nyingine kabisa: ROM hutekeleza SEI tu kisha huruka. Rejista bado zina vitu vya programu iliyokatizwa, na kuzihifadhi ni juu yako. Mtu aliyezoea vekta ya kwanza akihamia ya pili kwa mazoea yale yale, ataharibu hesabu za programu nyingine bila kujua. BBC Micro, ambayo huandika namba hizi kwa alama nyingine badala ya $, nayo ina utaratibu wake: ukifika kupitia vekta ya katizo IRQ1V iliyopo &0204, A imehifadhiwa &FC, lakini X na Y hazijaguswa.

Uliza pia katizo ni la nani. Kwenye Commodore 64, ukiwasha katizo la mstari wa skrini kutoka chipu ya picha ya VIC huku kipima muda cha CIA kikiendelea, yote mawili yatapita mlango mmoja. Kagua $D019. Kama ni lako, likiri, fanya kazi, kisha toka kupitia $EA81, panaporudishwa rejista na kumaliza. Hapa, na hapa tu, naona ni halali kutopeleka mbele, kwa sababu katizo uliloliomba mwenyewe halimhusu mwingine. Kama si lako, liache lilivyo na uruke kupitia awali. Kulikiri katizo la mwenzako ni kumnyang'anya. Na ukitoka kupitia $EA81 bila mtu yeyote kusoma $DC0D, katizo la CIA litarudi papo hapo, tena na tena, na programu kuu haitapata nafasi ya kusogea zaidi ya amri moja moja.

Kuhusu makatizo yasiyozuilika, SEI haikusaidii kitu wakati wa kubadilisha vekta. Atari ilikuwa na jibu zuri tangu mashine zake za 400 na 800 za mwaka 1979. Kwenye mashine hizo katizo la mwisho wa picha haliwezi kufungwa kwa SEI, basi mfumo wenyewe ukatoa rutini ya kubadilisha vekta. Unaweka 6 au 7 kwenye A kulingana na vekta unayoitaka, baiti ya juu kwenye X, ya chini kwenye Y, unaita $E45C, nao mfumo unaandika baiti zote mbili kwa wakati ulio salama. Kinachobaki kwako ni kusoma kwanza kilichomo $0222 au $0224 na kukihifadhi. Nawasihi: pale mfumo unapotoa rutini ya kubadilisha vekta, itumieni. Aliyeiandika aliijua mashine kuliko sisi.

Commodore 64 haina rutini inayolinda $0318 namna hiyo, lakini kuna njia. Andika baiti moja tu. Tenga ukurasa mzima na baiti mbili za ziada, soma baiti ya chini iliyomo kwenye vekta sasa, na kwenye ukurasa wako, mahali penye baiti hiyo hiyo ya chini, andika JMP ya kwenda kwenye rutini yako. Vekta ikiwa na $FE47, JMP yako inakaa $C047. Ukishamaliza maandalizi yote, pamoja na kuihifadhi awali, badilisha baiti ya juu peke yake, kutoka $FE kuwa $C0. Hakuna wakati hata mmoja ambapo vekta ina anwani ya uongo. Ni kumbukumbu nyingi kwa kazi ndogo, nakubali, ila ndiyo njia ninayoiamini kwa sababu haitegemei bahati wala kumwomba mtumiaji asiguse kitufe cha RESTORE, ambacho huleta katizo hilo.

MSX walilitazama tatizo kwa jicho lingine, na mimi huupenda sana ufumbuzi wao. Badala ya anwani ya baiti mbili, kila mahali pa kudakia ni kulabu ya baiti tano ambazo ni msimbo hasa. ROM huita hapo. Mashine ikiwashwa, kulabu ambazo hazina mwenyewe huwa zimejazwa $C9, yaani RET: unaitwa, unarudi, hakuna kilichotokea. Kulabu ya katizo la skrini, H.TIMI, iko $FD9F. Adabu yake ni kufunga makatizo, kuzinakili baiti zote tano kwenye eneo lako, kuandika mruko wako, na mwisho wa rutini yako kuruka kwenye ile nakala. Huna haja ya kujua kilichomo. Kikiwa RET, utarudi. Kikiwa mruko wa mwingine, utampelekea.

Kwa nini tano? Kwa sababu mwenye kulabu anaweza kuwa ndani ya katriji iliyo kwenye sloti nyingine ya kumbukumbu, ambayo kwa wakati huo haionekani na prosesa. Amri ya RST 30h, inayoita rutini iliyo kwenye sloti nyingine, huchukua baiti moja, namba ya sloti moja, anwani mbili, na RET ya kumalizia moja. Jumla ni tano kamili. Kutokana na hilo ipo kanuni ambayo kila mtu anayeandikia MSX inampasa aijue: kamwe usiweke mruko wa umbali, ile JR, ndani ya kulabu. Ajaye baada yako atazinakili baiti zako na kuzihamishia kwingine. JP na RST zitafanya kazi popote zitakapopelekwa, ilhali JR itahesabu umbali kutoka makao mapya na kuangukia pasipojulikana. Itunze pia rejista A kwenye H.TIMI, maana imebeba hali ya chipu ya picha na aliye nyuma yako anaihitaji. Mashine yenye diski huitumia kulabu hiyo kuhesabu muda wa kuizima mota ya kiendeshi. Ukimkata, diski itaendelea kuzunguka.

BBC Micro ina tatizo hilo hilo la ROM zinazobadilishana zamu, na mfumo wake una vekta za nyongeza kwa ajili ya rutini zilizomo ndani ya ROM hizo. Ila kwa BBC ushauri wangu ni tofauti kidogo: mara nyingi huhitaji kudaka katizo kabisa. Mfumo una matukio. Ukitaka kuitwa kila skrini inapoanza upya, daka EVENTV, vekta ya matukio, iliyopo &0220 na uwashe tukio namba 4 kwa *FX14,4. Unaitwa kwa utaratibu, unarudi kwa RTS, na mfumo unabaki na kazi ngumu.

ZX Spectrum niipitie haraka. Haina vekta ya RAM kwa katizo la kawaida. Watu huhamia IM 2, hali ya prosesa wa Z80 ambamo anwani ya rutini ya katizo husomwa kwenye jedwali, na huweka jedwali la baiti 257 zenye thamani moja, kwa kuwa baiti itakayokuwa kwenye njia ya data haina uhakika. Hakuna amri ya Z80 inayokuambia mashine iko kwenye hali ipi, hivyo kuhifadhi ulichokikuta hakuwezekani kwa ukamilifu. Unachoweza ni kuzihifadhi rejista zote unazozigusa, na kumaliza kwa kuruka $0038, huku IY ikiwa na $5C3A, kama BASIC bado inahitaji kibodi.

Vekta zisizo za makatizo zina mtego wake. Ukidaka vekta ya kutoa herufi, $0326 kwenye Commodore 64, na rutini yako nayo ikataka kuchapisha herufi kupitia mlango wa kawaida, itajiita yenyewe mpaka steki izunguke. Chapisha kupitia awali. Na rejista zitunze zote, kwa sababu aliyeita anaamini anatoa herufi tu.

Nije kwenye lile gumu kuliko yote: kuondoka. Kujiweka kila mtu anajua. Lakini ukitaka kujitoa, huwezi tu kuirudisha awali kwenye vekta. Inawezekana tangu ulipoingia mwingine naye ameingia, na vekta sasa inaelekea kwake. Ukiandika awali yako, umemfuta yeye. Na usipoandika kitu bali ukaiachia kumbukumbu yako tu, yeye ataendelea kukupelekea kazi mahali ambapo hupo tena. Kanuni ni hii: soma vekta, ikiwa bado inaelekea kwako, rudisha awali na uondoke. Ikiwa haielekei kwako, usiiguse. Weka bendera inayoifanya rutini yako ipeleke kazi mbele bila kufanya lolote, na ibaki ndani ya kumbukumbu. Ndivyo ilivyo hata kwenye Amiga ya mwaka 1985 ukitumia SetFunction, rutini ya mfumo ya kubadilisha anwani hizo: inakurudishia anwani iliyokuwemo, na ukiona si yako, huna budi kuirudisha na kubaki. Kwa makatizo, Amiga inatoa AddIntServer na RemIntServer, mfumo ukiushika mnyororo wenyewe, na hapo tatizo halipo.

Jibu lililonifurahisha zaidi lilitoka kwa watumiaji wa Atari ST. Linaitwa XBRA. Kabla tu ya rutini yako unaweka baiti 12: herufi nne X, B, R, A; herufi nne za utambulisho wako; na anwani ya awali ya baiti nne. Vekta inaelekea mwanzo wa rutini, kwa hiyo yeyote anaweza kurudi nyuma baiti 12 na kukagua. Akiziona herufi zile, anajua wewe ni nani na nani anakufuata, na anaweza kuutembea mnyororo wote kiungo kwa kiungo. Ukitaka kujitoa, unatembea mpaka kwenye kiungo kinachoelekea kwako, na unaandika awali yako mahali pake, hata kama uko katikati. Unaweza pia kujua mapema kama umeshapakiwa. Mmoja asipoifuata, mnyororo unakatika hapo alipo na waliofichwa nyuma yake hawaonekani tena.

Napendekeza tuuchukue utaratibu huo hadi kwenye mashine za biti 8. Hakuna kinachouzuia. Kwenye Commodore 64, herufi nne za alama, mbili za utambulisho na baiti mbili za awali ni baiti nane kabla ya rutini. Tukikubaliana mpangilio mmoja, programu mpya tunazoziandika leo zitaweza kuingia na kutoka kwa mpangilio wowote.

Na majaribio yafanyike hivyo hivyo. Chukua programu yako na nyingine mbili zinazodaka vekta ile ile. Zipakie kwa mipangilio yote sita. Jitoe ukiwa wa kwanza, jitoe ukiwa wa kati, jitoe ukiwa wa mwisho, kisha jiweke tena. Pakia kitu kutoka kwenye kanda au diski huku zote zikiendelea, na ubonyeze RUN/STOP na RESTORE katikati ya kazi. Baada ya kila hatua soma baiti za vekta na uzilinganishe na ulichotarajia, kwa sababu mashine inaweza kuonekana nzima huku mnyororo umeshakatika.